Liyongo wa Kweli ni Yupi?

Pale mto Malagarasi unapoingia katika Ziwa Tanganyika, wavuvi wa Ilagala hawana kazi nyingi usiku wa mbalamwezi. Dagaa huifuata taa gizani; mwezi ukiwa mkubwa taa haina nguvu, basi mitumbwi hupandishwa mchangani, nyavu hutundikwa, na vijana hutafuta la kufanya. Zamani walikaa motoni kusikiliza ngano. Siku hizi hukusanyika katika kibanda ambamo mwenye mashine huwaonyesha sinema kwa ada ndogo, na sauti ya Mswahili mmoja huwafasiria maneno ya wageni, tena huongeza yake mwenyewe, ambayo mara nyingi ni bora kuliko yale ya asili. Sisi waalimu tuliingia humo usiku mmoja, si kwa kupenda sana, bali kwa kutaka kujua ni kitu gani kinachowachukua wanafunzi wetu. Tukamkuta yule mtu arukaye angani kama mwewe.

Wasomaji wetu wengi wamekwisha kusikia habari za Superman. Vijana wawili wa mji wa Cleveland katika Marekani, Jerry Siegel na Joe Shuster, ndio waliomtunga, naye akatokea mara ya kwanza katika gazeti la picha la Action Comics la mwezi wa Juni, 1938. Siku zote huitwa Clark Kent, mwandishi wa gazeti, mtu mpole mwenye miwani, ambaye hakuna amwangaliaye mara ya pili. Penye hatari huivua miwani na koti, akawa mtu asiyepenywa na risasi. Kesho yake darasani wavulana walikuwa wakigombana. Yupi ndiye mtu, na yupi ndiye vazi? Mmoja akasema yule mwenye nguvu ndiye wa kweli, maana alizaliwa nazo, na huyu mwenye miwani ni mchezo tu. Mwingine akamjibu kwamba nguvu si mtu. Mtu ni yule aliyelelewa na baba na mama, akafundishwa kusema asante.

Mabishano hayo si mapya. Huko kwao Marekani wamebishana juu yake miaka mingi, na katika mwaka 1986 mtungaji John Byrne alipoiandika hadithi upya aliigeuza: akamfanya Clark kuwa mtu mwenyewe, na Superman kuwa kazi aifanyayo. Wengine humleta Batman wa mwaka 1939 na kusema kwamba kwake yeye mambo ni kinyume, yaani tajiri wa mchana ndiye barakoa na popo wa usiku ndiye uso. Hatutaki kukaa sana katika hayo. Neno moja tu la Superman lilitugusa. Wavulana waliicheka hila ya miwani, wakasema hata mtoto angemtambua. Twaona walikosa. Hila ile ni ya kweli kuliko kuruka kwake, kwa maana mtu mnyonge haangaliwi usoni. Watu humpita, humtuma, humgombeza, wala hawajui ana macho ya rangi gani. Neno hili tutalirudia, kwa kuwa lilitupata sisi wenyewe.

Kabla ya kuivuka bahari kutafuta mashujaa wenye nafsi mbili, yafaa tuangalie karibu. Katika nchi hizi za ziwani mtu kuwa na majina mawili lilikuwa jambo la kila siku. Mtemi wa Urambo aliyeifunga njia ya Ujiji kwa vita vyake na Waarabu wa Tabora tangu mwaka 1871, twamjua kwa jina la Mirambo, nalo maana yake ni maiti. Lakini mama yake hakumzaa kwa jina la maiti. Alikuwa Mtyela Kasanda. Kadhalika Hamed bin Muhammed el Murjebi, aliyepita Ujiji katika safari zake za kwenda Manyema, huitwa na wote Tippu Tip, na mwenyewe asema ya kuwa ni mlio wa bunduki zake, ingawa Wazungu wengine walidhani ni kupepesa kwa macho yake. Jina la vita ni vazi kama lile la sinema, ila haliwi rahisi kulivua. Mirambo alikufa mwaka 1884, na leo ni nani amtajaye Mtyela?

Huyo Tippu Tip ana kisa ambacho mabwana wa Cleveland wasingaliweza kukibuni. Katika maisha yake aliyoyaandika kwa Kiswahili, yakapigwa chapa na Mdachi Heinrich Brode mwaka 1902 na 1903, aeleza jinsi alivyosikia njiani habari za binti wa ukoo wa mfalme Kasongo Rushie wa Utetela, ambaye zamani alichukuliwa mateka. Aliposikia akaitumia habari ile. Akajitangaza kuwa yeye ni wa uzao wa binti huyo, na mzee Kasongo akamsadiki, akampokea kama mjukuu, akamwachia utawala. Hapo yupi ndiye wa kweli? Mfanyabiashara alijua kwamba mjukuu ni wa kubuni. Lakini mjukuu aliketi, akaamua mashauri, akapewa pembe, watu wakamtii. Na jambo la ajabu kwetu sisi wasomaji ni kwamba asimulia hayo yote kwa utulivu, kama mtu aelezaye jinsi alivyopata punguzo katika bei ya nguo. Barakoa yake aliivaa pasipo kuona haya, akaivua mbele yetu pasipo kuona haya pia. Lakini Tippu Tip hakuwa shujaa wa ngano, bali mtu wa biashara ya pembe na ya watu, na waliotekwa hawakuwa na nafasi ya kuuliza yupi kati yao wawili aliyewateka. Twamwacha hapo.

Shujaa wetu wa kweli katika lugha hii ni Fumo Liyongo wa pwani ya kaskazini, na ndiye tuliyewapa wavulana wamfikiri badala ya yule arukaye. Habari zake twazo kwa njia mbili. Kwanza ni hadithi fupi iliyomo katika kitabu cha ngano za Waswahili alichokitoa Edward Steere, London, mwaka 1870. Ya pili ni utenzi wa Muhammad Kijumwa wa Lamu, wa mwaka 1913. Hadithi ya Steere ni kavu na yenda mbio, kama mtu aliyekaa kitako akasimulia huku akitazama jua linavyoshuka. Utenzi una nafasi zaidi, nao hukaa kwa furaha penye ukubwa wa shujaa: jinsi alivyotoka Shaka akaenda Pate na mkoba wake, akapuliza panda mji ukashituka, na alipoukung'uta mkoba vikatoka kinu na mchi na jiwe la kusagia na vitu vingine hata nyumba ikajaa. Wavulana walizipenda beti hizo. Sisi tulizipita haraka, maana ukubwa wa mwili hauna siri ndani yake.

Siri ipo penye nyimbo. Mtu huyu aliyekuwa mrefu na mwenye nguvu kupita wote alikuwa pia mtunzi. Nyimbo za gungu na utumbuizo wa kuusifu uta husemwa kuwa ni zake. Mfalme wa Pate alipomwonea wivu akaagiza Wasanye na Wadahalo wamwue. Wakafanya urafiki naye, wakala pamoja kwa kikoa, wakapanga kupanda mikoma kwa zamu, ili zamu yake itakapofika wampige mishale akiwa juu. Ilipofika, Liyongo hakupanda. Akauchukua uta wake akayaangusha makoma kwa mishale. Hapo uta uliushinda ujanja. Baadaye akakamatwa, akafungwa gerezani kwa minyororo, na hapo ndipo wimbo uliposhinda. Kijakazi Saada alikuwa akimletea chakula kutoka kwa mama yake, na walinzi wakila kilicho kizuri. Liyongo akamwimbia Saada ujumbe ambao walinzi walidhani ni wimbo tu: mama afanye mkate wa wishwa, na ndani yake atie tupa. Walinzi wakauona mkate wa wishwa, wakaucheka, wakamwachia. Kisha akaomba ngoma ya gungu iimbwe nje kabla ya siku ya kufa kwake, na katika kelele za ngoma akaikata minyororo, akavunja mlango, akatoka.

Wenzetu wawili waligawanyika hapo. Mmoja, mwalimu wa hesabu, asema Liyongo wa kweli ni yule wa vita, na wimbo ni tupa nyingine tu: chombo cha kukatia chuma. Mwenzake asema sivyo. Uta watajwa sana kwa sababu mtunzi aliusifu, na kama asingalikuwa mtunzi angalikufa gerezani na uta wake ukutani. Twaona wote wawili wameshika kitu kilicho kweli, lakini wametafuta mahali pasipo siri. Nguvu za Liyongo wote walizijua. Utunzi wake wote waliujua, hata adui zake walicheza kwa nyimbo zake. Kwa hiyo hana upande wa mchana na upande wa usiku kama Clark Kent. Alikuwa shujaa na mtunzi mbele ya watu wale wale, kwa jina lile lile. Kilichofichwa ni kitu kimoja tu, nacho si jina wala uso: ni mahali pa kufa kwake. Hakuna silaha iliyomweza ila sindano ya shaba, ikichomwa kitovuni.

Hapa wavulana walipiga makelele, kwa maana hata Superman ana jiwe la kijani limnyong'onyeshalo. Ni kweli, lakini jiwe lile halikuwapo tangu mwanzo. Liliingizwa mwaka 1943 katika mchezo wa redio, miaka mitano baada ya shujaa kuzaliwa, bila shaka kwa kuwa mtu asiyeumia huwachosha wasikilizaji. Sindano ya Liyongo si ya kuongezwa. Ukiiondoa, hadithi yote yaanguka. Tena angalia mahali penyewe: kitovu, yaani alama ya kwamba hata mtu huyu alikatwa kutoka kwa mama, akafungwa kwa uzi na mkunga kama sisi sote. Yeyote aliyeitunga habari hii kwanza alijua alichofanya. Shujaa aweza kuuawa pale pale tu panapoonyesha kuwa alizaliwa.

Basi mfalme akamtuma mwana wa Liyongo mwenyewe, kwa ahadi ya cheo na mke. Mwana akaenda kwa baba, akamwuliza ni kitu gani kiwezacho kumwua. Na baba akamjibu.

Katika habari zote za Liyongo hapa ndipo tulipokaa siku nyingi. Mtu aliyeitambua hila ya mikoma kabla hajaukanyaga mti, mtu aliyeificha tupa ndani ya wimbo, je, hakulitambua swali la namna hii? Mtoto mwema hamwulizi baba yake mahali pa kumwulia. Ama alizeeka akili, jambo ambalo utenzi hausemi. Ama alilijua swali, akajibu kwa sababu aliyeuliza ni mwanawe. Sisi twashika la pili. Kwa adui zake Liyongo alikuwa na uta, kwa walinzi alikuwa na wimbo, lakini kwa mwanawe hakuwa na kitu cha kuweka katikati. Hapo ndipo tulipotaka kuwaambia wanafunzi kwamba twamwona Liyongo wa kweli, katika kulijibu swali lile. Tuliona tumepata jibu zuri, tukawapa waandike insha, tukitumaini kwamba watalifikia hilo hilo.

Sasa hatuna budi kuungama jambo. Katika darasa lile alikuwamo mvulana mmoja ambaye hulala. Hulala asubuhi, kichwa juu ya dawati, hata kinywa wazi, na kila zamu ya giza la mwezi hulala zaidi. Tulimwamsha kwa fimbo mara nyingi, tena tulimtaja kwa wenzake kuwa mfano wa uvivu. Hatukuwahi kumwuliza neno. Ilipofika insha yake tuliisoma ya mwisho, kwa kuwa ilikuwa fupi na tulidhani hana kitu. Aliandika kwamba Liyongo wa kweli ni yule aliyelala. Alipokuwa macho, alisema, alikuwa shujaa kwa watu wanaotaka shujaa, na mtunzi kwa watu wanaotaka wimbo. Lakini mtu akilala hawezi kumfanyia mtu mwingine chochote, amebaki yeye tu, na ndiyo maana mwana alimngoja alale. Akaongeza kwamba yeye mwenyewe huenda ziwani usiku na mjomba wake kushika taa, tangu baba yake alipofariki, na kwamba shuleni watu wamjua akiwa amelala tu, lakini mtumbwini ndiye akeshaye kuliko wote.

Tulikaa na karatasi ile muda mrefu. Mwalimu wa hesabu akaisoma, asiseme neno, akairudisha mezani kwa mikono miwili. Miwani ya Clark Kent tuliyoitetea kwa ufasaha mbele ya darasa ilikuwa imetuzuia sisi wenyewe kumwona mtoto aliyeketi hatua nne mbele yetu.

Hata hivyo kazi ya kusoma ni kazi, na haifai kuikubali hoja kwa sababu ya huruma. Hoja ya mvulana yule ni nzuri kuliko yetu katika jambo moja: yeye aliangalia ni wakati gani muuaji aliuchagua, na sisi tuliangalia maneno tu. Lakini ina pengo, nalo liko mwishoni mwa hadithi. Liyongo alipochomwa hakufa kitandani. Aliamka, akatwaa uta na mishale, akatoka nje hata kisimani, akapiga goti, akaupachika mshale katika uta, na hapo roho ikamtoka. Mwili ukabaki vile vile, goti chini, uta umevutwa. Watu wa mji wakamwona kwa mbali, wakaogopa. Siku zikapita hakuna athubutuye kwenda kuteka maji, mji una kiu, na mtu wamwogopaye hayupo tena. Mama yake akaombwa, akamwendea kwa maneno ya kumbembeleza, akidhani mwanawe ana hasira. Hakumjibu. Hata maiti ilipoanguka ndipo walipojua.

Hatujui ngano nyingine ya Kiswahili iliyo na jambo la kutisha namna hii, wala sinema yoyote tuliyoiona katika kibanda kile haikulifikia. Shujaa ameondoka, na vazi lake laendelea na kazi. Uta unaulinda mji usiteke maji, mwenye uta hayumo. Na angalia nani walidanganyika: si adui tu waliomwogopa shujaa, bali hata mama aliyemtafuta mwanawe. Wa kwanza waliona shujaa, wa pili aliona mwana mwenye hasira, na mbele yao wote palikuwa na mwili mtupu. Sasa, kama mwili uweza kujifanya hata baada ya kufa, je, hauwezi kujifanya katika usingizi? Hoja ya aliyelala yapata jeraha hapo. Na hoja yetu sisi pia, tuseme kweli, maana yule Liyongo wa kweli tuliyesema alionekana katika kumjibu mwanawe hakuonekana kwa mama yake mwenyewe, aliyekuwa hatua chache mbele yake.

Twamlaumu kidogo mtunzi wa utenzi, kwamba hakumpa mama nafasi kubwa zaidi baada ya kujua. Mama huyu ndiye aliyeupika mkate wa wishwa. Ndiye aliyesoma wimbo ambao walinzi hawakuusoma. Katika habari yote hakuna mtu aliyemwelewa Liyongo kwa ishara ndogo kama yeye, na hapa kisimani kwa mara ya kwanza haelewi. Mtunzi alikuwa ameshika mali kubwa mkononi. Lakini beti zilizopo ni hizo, na tusimtake mtunzi aandike kitabu chetu.

Tulimwita mvulana yule kando, saa ya mapumziko, chini ya mchikichi ulio nyuma ya shule. Tulimwomba radhi kwa ajili ya fimbo; akatazama chini, akasema, "Haidhuru, Mwalimu." Kisha tukamwekea mbele pingamizi letu la kisimani, maana tuliona kumficha hoja kwa kumhurumia ni dharau ya namna nyingine. Tukamwambia: maiti yule aliyepiga goti alijifanya yu hai, tena akaudanganya mji mzima, basi usingizi waweza kuwaje ushuhuda?

Akafikiri, akilichora ziwa mchangani kwa kidole cha mguu. Akasema, "Hakujifanya, Mwalimu. Yeye alikuwa amekufa tu. Wao ndio waliokuwa wakiogopa."

Mwalimu wa hesabu asema hilo ndilo jibu la swali lote, na la Superman pia. Mwenzake asema ni jibu la swali jingine, si lile tuliloliuliza, na ubishi wao haujakwisha hata leo. Sisi tuliandika alama juu ya insha, tukaifuta, tukaandika iliyo kubwa zaidi. Juma lile mwezi ulikuwa umepungua, na mvulana hakuja shule siku ya Alhamisi. Siku ya Ijumaa alikuja, akalala katika somo la kwanza, na hakuna aliyemwamsha.